Januari Delfina Alipoota Jua

Mwaka ule baridi ilisahau njia ya kuja Somerton, mji mdogo wa mashamba kwenye bonde la jangwani. Novemba ilipita, Desemba ikapita, na bado watu walikuwa wakifungua madirisha asubuhi ili hewa ipite. Mvua haikuwa imeonekana tangu mwisho wa kiangazi. Vumbi la barabara za mashambani lilikuwa laini kama unga uliochekechwa, na mbingu ilikaa buluu siku nenda siku rudi, bila wingu hata la kusingizia. Wazee wanaokaa nje ya duka la mikate walisema hawajapata kuona Januari ya namna ile, kisha wakavua kofia na kuinua nyuso juu, macho wameyafumba, kama paka.

Delfina Verdugo aliyajua hayo kwa kusikia tu. Yeye majira ya baridi aliishi ndani ya baridi yake mwenyewe.

Alikuwa mfanyakazi wa ghala la baridi, nje kidogo ya mji, ambako saladi ya bonde lile hupozwa kabla ya kupakiwa kwenye malori na kupelekwa kwenye miji ya theluji. Saladi huvunwa ikiwa bado na joto la shambani. Huingizwa kwenye mapipa ya chuma makubwa kama nyumba, ikafyonzwa joto lake lote, ikatoka imepoa mpaka moyoni. Kazi ya Delfina ilikuwa kusimama pale inapotokea, kuchoma kipimajoto chenye ncha ndefu katikati ya kichwa cha saladi, kusoma namba na kupiga kelele: "Twende!" au "Rudisha!" Sauti yake ya "Rudisha!" ilijulikana ghala zima. Alivaa sweta mbili na koti zito la kumfika magotini, na glavu alizokata ncha za vidole ili aweze kushika kipimajoto. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi miaka mingi, naye alishavizoea kama mtu anavyozoea pengo la jino.

Aliingia ghalani alfajiri nyota bado zinaonekana, akatoka jua limeshazama nyuma ya mitende. Saladi ikiisha, ghala lile lile lilipokea matikiti. Ikifika Agosti, wakati wa mapumziko yake, jua la kule si jua la kuota, ni jua la kukimbia. Kila nyumba hufungwa mapazia, na watu hulala mchana kama popo. Kwa hiyo Delfina, katika umri wake wa miaka hamsini na tisa, alizijua hali mbili tu za hewa: friji na tanuri.

Mumewe, Nabor, alikuwa mmwagiliaji. Kazi yake ilikuwa ya usiku: kufungua malango ya mifereji, kuyaongoza maji kwenye matuta kwa koleo na taa ya kichwani, kisha kuyafunga. Walipangiana hivyo watoto walipokuwa wadogo, ili nyumba isikose mtu, baba mchana, mama usiku. Watoto wakakua. Binti akaolewa Tucson, kijana akaenda Phoenix kufunga viyoyozi. Zamu zikabaki pale pale. Hakuna aliyekumbuka kuziambia kwamba watoto wameshaondoka.

Basi wakawa wanakutana mlangoni, mke akitoka na koti lake, mume akiingia na matope yake.

"Umeamkaje?"

"Salama. Maharage yako jikoni."

"Haya, Mungu akutangulie."

"Nyinyi si mume na mke," Chayo aliwaambia siku moja. "Nyinyi ni walinzi wa benki mnaopokezana lindo." Chayo alikuwa dada yake Nabor, wifi yake Delfina, na alifanya kazi ghala lile lile akibandika lebo kwenye maboksi. Ulimi wake haukuwahi kupata ganzi.

*

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Walikuwa wameshafanya kazi saa mbili tatu hivi, mashine zikazimwa. Ukimya ukaingia ghalani, ukimya wa ajabu, kila mtu akasikia pumzi ya mwenzake. Nyapara wao, Eleuterio, akapanda juu ya boksi.

"Jamani, mashamba meupe," alisema. "Joto hili limeikimbiza saladi. Iliyotakiwa kuja mwezi huu ilikuja Krismasi, na iliyobaki imerefuka kama minara, hailiki. Inayofuata bado ina ukubwa wa ngumi. Nendeni nyumbani. Tutawaita."

"Lini?" mtu akauliza.

"Liulize jua. Mimi kwangu halipigi simu."

Wanawake walinung'unika njia nzima ndani ya basi. Basi liliwashusha karibu na kanisa, na Delfina alipoweka mguu chini, joto likamgusa uso kama kiganja. Alisimama. Ilikuwa katikati ya asubuhi ya siku ya kazi, saa ambayo hakuwa ameiona kwa miaka mingi katika mwezi ule. Kila kitu kilikuwa na kivuli kirefu na safi. Mbwa alilala katikati ya barabara na gari likamzunguka. Delfina alivua koti. Akavua sweta ya kwanza. Akatembea hatua chache, akavua na ya pili.

"Wifi," Chayo alisema, "unajimenya kama kitunguu. Ukifika kwako patabaki nini?"

"Patabaki cha kukuliza."

"Khaa! Kumbe ukipashwa moto unaota na ulimi."

Wakaagana kwa kicheko pale kwenye kona. Lakini Delfina alipofika nyumbani kicheko kilimwisha. Nyumba ilikuwa giza, mapazia mazito yameshushwa, kwa sababu Nabor alikuwa amelala. Alisimama jikoni kwake kama mgeni. Hakujua viti vinakaa vipi saa ile. Akaosha sahani iliyokuwa safi. Akapitia mlango wa nyuma akatoka uani, akafagia mchanga, na mchanga ukarudi kukaa palepale. Mwishowe akaburuta kiti cha plastiki mpaka kwenye ukuta unaotazama kusini, karibu na mlimau, akaketi, mikono mapajani, kama mtu anayengoja zamu yake kwa daktari.

Jua la Januari halikuwa na haraka. Lilimwanzia miguuni. Lilipanda kwenye magoti, likatulia hapo kitambo, likapanda tena. Ukuta nyuma yake ulikuwa umeshika joto tangu asubuhi na ulimrudishia mgongoni polepole. Nyuki walikuwa wametoka kabla ya wakati wao, na mlimau ulikuwa umechanua kabla ya wakati wake, hivyo wakakutana vizuri. Aligeuza viganja juu. Baada ya muda vile vidole viwili vilianza kumwasha, kisha kumchoma, kama inavyochoma miguu ya mtu aliyeikalia muda mrefu. Delfina akavitazama kwa mshangao. Akavifumba, akavifumbua. "Mlikuwa wapi nyie?" akaviuliza.

Halafu akalala. Akaota yuko ghalani, na kuta za ghala zinaondolewa moja moja, taratibu, kama shuka zinavyoanuliwa kambani, na nyuma ya kila ukuta kuna shamba, na saladi zote zimekaa ardhini na hakuna anayezipima.

*

"Delfina! Delfina! Mama Bikira Maria! Delfina!"

Alifumbua macho. Mbele yake alisimama mzee mwenye fulana, nywele zimesimama upande mmoja, amemshika mabega yote mawili. Ilimchukua muda kumtambua.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Wewe!"

"Mimi?"

"Natoka kunywa maji nakuta umeachama mdomo mchana kweupe, mikono imetupwa. Ningejuaje? Tangu lini wewe ukawa nyumbani saa hizi?"

"Wameturudisha. Saladi imekwisha."

"Sasa ndiyo ulale hivyo? Kama mbuzi aliyechinjwa?"

"Nabor, bwana, niache nipumue."

Akamwachia. Akajikalisha chini, juu ya ndoo iliyofudikizwa, huku moyo bado unamwenda mbio. Wakatazamana. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipotokea, ingawa mpita njia angeliona asingeliita jambo. Delfina alimwona mumewe. Siku zote aliamini macho ya Nabor ni meusi. Aliyaona wakati wa uchumba wao kule kwao Sonora, jioni, penye taa za uwanja wa kanisa. Kisha akayaona maisha yake yote mlangoni, alfajiri, na Jumapili nyuma ya mapazia. Sasa jua liliyaingia upande, na hayakuwa meusi hata kidogo. Yalikuwa rangi ya sukari guru inapoanza kuyeyuka.

"Una madoa usoni," alisema, kwa sababu hakuweza kusema lile la macho.

"Jua hilo."

"Jua gani, nawe unafanya kazi usiku?"

"La ujana." Nabor akajifuta uso kama vile madoa yangetoka. "Na wewe una mvi."

"Zina miaka kumi hizi, mzee!"

"Mlangoni hazionekani."

Wote wawili wakaona haya. Nabor akasimama, akavuta fulana yake chini kufunika tumbo, akasema anakwenda kutengeneza kahawa. Alirudi na vikombe viwili. Cha mkewe hakikuwa na sukari. Delfina alikuwa akinywa kahawa na vijiko viwili vya sukari tangu binti yao azaliwe, lakini aliinywa vile vile mpaka mwisho.

*

Siku zikafuatana, zote za sura moja, kama shanga. Asubuhi joto jembamba, adhuhuri joto la kushiba, jioni mwanga wa rangi ya pichi ukining'inia juu ya mashamba matupu. Delfina aliacha kuhesabu. Alihamisha kiti chake kufuata jua: asubuhi mlango wa mbele, mchana ukutani, alasiri kwenye ngazi ya jikoni. Alikula tende na machungwa akitema mbegu mbali. Wakati mwingine alisinzia, wakati mwingine alikuwa macho na bado ilikuwa kama amesinzia. Sauti zilimfikia kutoka mbali, jogoo wa jirani, trekta, redio ya mtu ikiimba habari za mwanamume aliyeachwa, nazo zilimpitia bila kumtaka lolote.

Ng'ambo ya mfereji walikuwepo wazee wa kaskazini, wale wanaokuja na nyumba zao za magurudumu kila mwaka kuikimbia theluji. Bibi mmoja, Arlene, mweupe kama unga wa ngano, alikuwa akilala kwenye kiti cha kukunja amevaa kaptura. Zamani Delfina alimwona kichaa. Sasa siku moja walijikuta wanatazamana, mmoja huku, mmoja kule, maji katikati. Arlene aliinua mkono akaonyesha juu angani, kisha akaweka kiganja kifuani. Delfina naye akaonyesha juu, akaweka kiganja kifuani. Yakawa ndiyo mazungumzo yao ya kila siku, na hawakuwahi kukosana.

Nabor akaanza kuamka mapema. Kwanza saa nane, baadaye saa sita. Siku moja alitoka na kitanda chake cha turubai, akakitandika chini ya mlimau, akajifunika kofia usoni.

"Ndani kuna nini?" Delfina akamuuliza.

"Ndani kuna giza."

"Si ndilo ulilokuwa ukilitaka? Nimekushonea mapazia mazito kama ya kanisa."

"Nimelichoka," alisema chini ya kofia, na punde akalala. Delfina akaketi kando yake akichambua maharage, na kila ua la mlimau lilipomdondokea mumewe kifuani hakuliondoa.

Chayo alikuja siku ya nne au ya tano, amefunga kitambaa kichwani kama anayekwenda vitani. Alimkuta kaka yake amelala nje na wifi yake miguu peku.

"Ebo! Hapa ni nyumbani au ufukweni?" alisema. "Wenzako wanatafuta vibarua. Mimi nimeshapita kwenye mashamba ya tende, nimepita kwenye hoteli kuuliza kama wanataka wa kutandika vitanda. Wewe umekaa unaiva."

"Ongea taratibu, kaka yako amelala."

"Kaka yangu amelala tangu azaliwe. Wifi, nakuuliza kwa nia njema, unaumwa?"

"Siumwi."

"Umepata habari mbaya?"

"Chayo, vua viatu."

"Kwa nini?"

"Vua tu. Kaa hapo. Weka nyayo kwenye saruji."

Chayo alikataa, akasema hana muda wa mchezo, akakaa ili aeleze vizuri jinsi asivyo na muda, na akiwa anaeleza akavua kiatu kimoja kwa sababu kilikuwa kinambana. Saruji ilikuwa na moto mtamu. Akavua cha pili. Maneno yake yakaanza kuachiana nafasi, yakawa moja moja, yakakoma. Muda mrefu walikaa vile, wanawake wawili wenye nyayo zilizopasuka, wakitazama vidole vyao.

"Wifi," Chayo alisema mwishowe, kwa sauti ambayo Delfina hakuijua, "kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa huku nje? Miaka yote?"

"Sijui. Nami ndiyo kwanza nimefika."

*

Nabor alikuwa na jambo moyoni. Delfina aliliona likimsumbua siku mbili, jinsi alivyokuwa akifungua mdomo na kuufunga. Siku ya tatu, baada ya kahawa, akalitoa.

"Vaa viatu. Nataka kukuonyesha kitu."

"Hulali?"

"Nitalala nikifa. Njoo."

Wakapanda pikapu. Alimpitisha kwenye barabara za mifereji, akimtajia kila lango kwa jina alilolipa mwenyewe, maana usiku mtu hukosa wa kuongea naye: hili ni Mkaidi, linakwama kila mara, lile ni Bibi Harusi, linalia likifunguliwa. Delfina alicheka mpaka akashika dirisha. Mashamba yalipokwisha wakaingia njia ya mchanga katikati ya vichaka, pikapu ikiyumba, na Nabor akasimamisha mahali ambapo Delfina hakuona sababu ya kusimama.

Walitembea kidogo. Vichaka vikafunguka. Mbele yao kulikuwa na dimbwi refu lililojipinda, mahali mto ulipoliacha zamani ulipobadili njia, na maji ya mashamba yakalijaza. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Juu yake walielea mwari, ndege weupe wenye mfuko chini ya mdomo, wengi, wakubwa, kama vile mtu ameanika mito ya kulalia. Hakuna aliyeruka walipofika. Mmoja alifungua bawa lake, lenye ukingo mweusi, akalikunja tena.

Delfina alianza kuwahesabu, akapotea, akaanza upya.

"Umepajua lini hapa?" hatimaye akauliza.

"Zamani. Mtoto wetu wa pili alikuwa darasa la kwanza."

"Na hukuniambia!"

"Kila alfajiri nilikuwa narudi nikisema leo namwambia. Nakukuta unatoka. Unaniambia habari za maharage. Nalala. Nikiamka nimesahau, au nakumbuka na wewe hupo." Akaokota kijiti akakivunja. "Halafu ukapita muda mrefu, nikaona aibu. Mtu utaanzaje kusema, mke wangu, kuna ndege mahali fulani, nimewaficha miaka ishirini?"

Delfina alivua viatu. Akainua ukingo wa gauni, akaingia majini. Nabor akamfuata, akaweka mguu mmoja, akautoa upesi huku akipiga kelele.

"Yanaganda haya! Toka, utaugua!"

"Hii ndiyo unaiita baridi?" Delfina alisema. Alikuwa ameshafika magotini. "Mzee, kwangu hii ni maji ya kuogea." Akaachia gauni, likaelea kumzunguka. Akaenda mpaka kiunoni, akasimama hapo, jua kichwani na maji tumboni, na mwari wakasogea kidogo kumpisha, bila woga, kama watu wanaompisha mwenzao kwenye benchi. Matope laini yalipanda katikati ya vidole vyake vya miguu. Ilimjia hisia kwamba amesahau jambo fulani la lazima, akalitafuta, asilipate, na hakuona haja ya kuendelea kulitafuta.

Alipotoka walijilaza mchangani gauni likauke. Hapo Nabor, akitazama juu, alimwambia la pili.

"Huwa naongea na wewe usiku."

"Nikiwa nimelala?"

"Nikiwa shambani. Nakuambia maji yamefika wapi. Nakuambia hapa mwezi umetoka, hapa nimemwona mbweha. Wale vijana wa zamu yangu wanadhani nasali."

"Na mimi nakujibu nini?"

Nabor alifikiri.

"Unaniambia Rudisha!" alisema, na wote wawili wakacheka mpaka ndege wa ukingoni wakaruka.

Kicheko kilipopungua Delfina akageuka upande wake, mchanga umemganda mashavuni.

"Nabor. Kwa nini wewe bado unafanya kazi usiku?"

Nabor alikuna kichwa kama mtu aliyeulizwa jina lake akakuta halipo mdomoni.

"Kwa sababu ya watoto," alisema. Kisha akasikia alichokisema. Akaketi. "Watoto," akarudia polepole. Delfina naye akaketi. Hawakucheka safari hii. Walitazama maji, na kila mmoja alikuwa akipiga hesabu asiyotaka mwenzake aione.

*

Hali ile ilidumu siku kadhaa zaidi, kisha upepo ukageuka. Ulitoka kaskazini na vumbi, ukapiga milango, ukapukutisha maua ya mlimau, na asubuhi iliyofuata kioo cha pikapu kilikuwa na umande ulioganda. Arlene alionekana ng'ambo ya mfereji amejifunga blanketi. Aliinua mabega yake juu, Delfina naye akainua yake. Simu ya Eleuterio ikaja jioni ile ile: saladi imekomaa, njooni.

Delfina alirudi. Alivaa sweta mbili na koti, akasimama mahali pake, akachoma kipimajoto. Lakini mikono ilikuwa imebadilika. Zamani baridi iliingia ikakuta nyumba tupu. Sasa ilikuta mtu ndani, na mtu yule alipiga kelele. Kufika mchana vile vidole viwili vilimuuma hadi machozi yakamtoka, na Chayo akaacha lebo zake akaja kuvifunika ndani ya viganja vyake.

"Vimeamka," Chayo alisema. "Ungeviacha vilale, wifi."

"Siviachi tena."

Zamu ilipokwisha alimfuata Eleuterio.

"Nataka kutoka humu ndani," alimwambia. "Niweke nje kwenye jukwaa, malori yanapofika kutoka shambani. Nitapokea mimi mizigo."

"Mama Delfina, kule ni kelele na vumbi. Watu wote wananiomba waingie ndani, kivulini, wewe unaniomba utoke?"

"Naomba nitoke."

"Nani atanipigia 'Rudisha!' humu?"

"Mfundishe mtu. Si neno gumu."

Eleuterio alikuna kidevu, akasema ataona. Ilimchukua wiki mbili kuona, na Delfina hakuacha kumkumbusha kila siku alipopita, kwa adabu, kama mtu anayegonga hodi. Hatimaye akapewa jukwaa la nje. Vumbi lilikuwepo kweli, na asubuhi zilikuwa na baridi ya kuuma masikio, maana majira yalikuwa yamekumbuka kazi yake. Lakini jua lilipovuka paa lilimkuta amesimama, na alikuwa amechagua mahali pa kusimama.

Nabor naye alikwenda kuomba zamu ya mchana. Alikwenda amevaa shati la kanisani, akarudi amekasirika. "Wameniuliza kwa nini sikuomba miaka yote hii," alisema. "Nimekosa la kujibu. Wananitazama kama mjinga." Lakini walimpa, kuanzia Machi.

Haikuwa rahisi kama walivyofikiri. Mwili wa Nabor haukujua usiku ni wa nini. Alizunguka nyumba akifungua makabati. Jioni walikaa mezani wote wawili, sahani mbili, na baada ya kusema habari za Eleuterio na za lango liitwalo Mkaidi walibaki wanasikiliza friji. Walikosana juu ya dirisha, lifunguliwe au lifungwe. Ikagundulika kwamba Delfina hapendi redio wakati wa kula na Nabor hawezi kula bila redio. Chayo alipowatembelea alisema, "Mmeoana lini nyinyi? Mbona mna ugomvi wa wiki ya kwanza?"

Jumapili moja ya mwisho wa Machi, baada ya misa, wingu la kwanza la mwaka lilipita juu ya Somerton, likadondosha matone yanayohesabika na kwenda zake. Harufu ya vumbi lililolowa ikajaa nyumba nzima. Walikuwa wamejilaza, mchana, dirisha wazi nusu, maana ndiyo suluhu waliyoifikia. Nabor alilala kwanza. Akaanza kukoroma, kwa sauti nzito yenye kupanda na kushuka, kama trekta linalogeuza mwisho wa shamba.

Delfina alimgusa ubavu.

"Mzee. Mzee! Hivi unakoroma hivi tangu lini?"

"Tangu zamani," Nabor alisema bila kufumbua macho. "Ulikuwa kazini."

Akageukia ukutani, akaendelea. Delfina alilala chali akamsikiliza, amekunja uso, akingoja hewa ya mvua ipite dirishani.